Mlango Aliourudisha Wifi

Bagamoyo, Jumanne, mwezi wa Rajabu

Mvua tangu alfajiri. Wapagazi wa Kinyamwezi wamejibanza kwenye baraza letu, pembe zao za ndovu wamezifunika kwa majani. Makuti yanavuja, wino haukauki, na mimi nina hasira ambayo hata kahawa ya tangawizi haikuipunguza.

Niseme waziwazi: wifi yangu ameniibia hadithi. Si karatasi, karatasi zimo kashani, zote. Ameninyang'anya mwisho wake, nao nilikuwa sijamaliza kuuandika.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu, na ndiye somo, yaani mfundaji, wa Zuhura, binti ya kaka yangu, anayeolewa Ijumaa na mfanyabiashara wa Saadani. Zuhura yuko ndani, anasingwa kwa liwa na kufundwa. Wanawake hukaa naye wakimtolea ngano ili asichoke kungoja. Juzi zamu ilimfikia wifi, akatoa yangu.

Hadithi yenyewe nimehangaika nayo tangu pepo za kaskazi. Ni ya Mwanaheri, mke aliyerithi kwa baba yake nyumba yenye mlango wa nakshi. Siku moja yuko matangani, huku nyuma mumewe anauuza ule mlango. Anarudi anakuta tundu ukutani. Sikutia jini, sikutia sultani. Nilitaka watu waone jinsi jambo kama hilo linavyoweza kumtoa mwanamke nyumbani kwake.

Na kuandika si kusimulia. Msimulizi akikwama hukohoa, hutia wimbo, watu wakaitikia, mambo yakaendelea. Mimi nikikwama natazamana na karatasi, nayo haiitikii. Siku nyingi nilishindwa kumtoa Mwanaheri mle ndani. Niliandika, "Akafunga mlango, akaenda zake." Nikajiona fundi. Kisha nikajiuliza, mlango upi?

Nikafuta.

Nusu niliyokwisha kuiandika nilimsomea wifi tukikuna nazi, kwa sababu mwandishi naye ana roho, anataka kusikia mtu akiguna. Akaguna. Kumbe alikuwa anahifadhi.

Basi alivyoisimulia yeye, mume anatubu, anaukomboa mlango, anaupigilia misumari mipya ya shaba, na Mwanaheri anarudi akipiga magoti kuomba radhi. Aombe radhi ya nini? Yeye ameuza nini? Nasikia wanawake walipiga vigelegele.

Leo asubuhi kisimani jirani yangu alinisifia ngano ya wifi. Nilipomwambia kwamba ni yangu, na kwamba Mwanaheri harudi, anavuka mto Ruvu na kwenda zake, alinitazama kwa huruma. "Hapana, bibi, umekosea. Anarudi. Sisi tuliisikia."

Nimekosea. Mimi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi, kule anakofundwa Zuhura, mtungi ungali kichwani. Hakukana. Alisema ngano haina mwenyewe, na kwamba kila msimulizi humaliza kwa kusema: ikiwa njema, yetu sote, ikiwa mbaya, yangu mimi peke yangu. Yangu ilikuwa njema, kwa hiyo ni ya wote, nimshukuru. Halafu akapunguza sauti. "Wifi, yule ni mwali. Ulitaka nimwambie kuna mlango wa kutokea?"

Na linaloniudhi zaidi ni kwamba ana haki ya kusema hivyo. Yeye kazi ya kufunda amepewa na ukoo mzima. Hii yangu ya kuandika hakuna aliyenituma.

Nilipokuwa natoka, Zuhura aliniita kutoka nyuma ya pazia. Uso wote singo, macho tu ndiyo niliyoyatambua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Akauliza kama ni kweli Mwanaheri alirudi. Nilidhani naye anataka kunisahihisha, nikamjibu kwa ukali kwamba hakurudi na hatarudi. Kisha akaniuliza, "Na huko alikokwenda, aliishi?"

Nimerudi nyumbani na swali hilo, na hasira yangu imegeuka, sasa inanielekea mwenyewe. Nilimwacha Mwanaheri ng'ambo ya Ruvu, amelowa hadi kiunoni, nikaona panatosha. Sikumpa hata pa kulala. Wifi alimrudisha kwa magoti, lakini mimi nilimtupa ukingoni kisha nikadai sifa.

Zuhura hakuwa anauliza habari za ngano, najua. Mahari yamepokelewa, mchele umeletwa, na sijui kama ninayo haki ya kuizuia Ijumaa. Huenda mume akawa mwema, Mungu atujaalie. Lakini mtoto aliyeuliza swali lile hawezi kujibiwa kwa misumari ya shaba.

Tangu adhuhuri nimekaa chini nikiandika, karatasi nimezikinga kwa ungo. Mwanaheri amepata jembe kwa mwanamke wa Kikwere. Mazao ya kwanza yameliwa na nguruwe, kwa kuwa sitaki kumdanganya mtu. Amejenga kibanda. Mlango wake ni wa makuti, mbaya, unafungwa kwa kamba, na kamba anaifunga na kuifungua mwenyewe.

Kabla ya Ijumaa nitamsomea Zuhura, wifi akae pale pale asikie. Watasema mwisho gani huu, haufai kwa mwali, ni mbaya.

Ikiwa mbaya, basi ni wangu mimi peke yangu.