Ukigusa, Umecheza

Jumamosi, saa kumi alasiri. Joto la kukausha mate, upepo hakuna kabisa. Nimekaa peke yangu kwenye baraza ya nyumba ya watu, naandika kwa dole gumba la kushoto, haraka haraka kama nimeiba.

Nina kama robo saa. Adhana imelia, mchezo umesimama, Idrisa na Mzee Shomari wamekwenda msikitini. Rukia anaswali ndani. Mimi leo nina udhuru wa kina mama, kwa hiyo nimebaki na meza, na askari, na swali ambalo sijalijibu.

Wakirudi lazima nijibu.

Ngoja nianze mwanzo. Huenda nikiliandika nitapata ujasiri wa kulisema.

Wanaosoma ukurasa huu tangu zamani wananijua kwa hina. Bibi harusi wa Bagamoyo akionekana sokoni wiki moja baada ya ndoa, watu walikuwa wakimshika mkono na kusema, huyu kapakwa na Zaituni. Halafu nikaandika hapa kwamba nimepumzika. Sikupumzika. Mwaka juzi nilipata kiharusi, mimi, wa miaka thelathini na nne, nikiwa nasuka ukili nyumbani kwa mama. Mjini waliambiwa ni presha, na nikawaacha waamini hivyo.

Mguu ulirudi. Mkono ukarudi. Vidole havijarudi.

Dole gumba la kulia na kidole cha shahada vinatetemeka, na nikivilazimisha vinabana kitu mpaka kinaruka. Hospitali walinipa zoezi la kuokota choroko, moja moja, kutoka sahani kwenda kikombe. Asubuhi choroko, jioni choroko. Ilifika mahali hata kuzila nikawa sitaki.

Basi siku moja nikapita kwa Idrisa, jirani yetu anayefundisha uvuvi Mbegani, nikamkuta ameinamia meza. Juu yake kulikuwa na vilima vya matumbawe, vichaka vya makumbi ya nazi, na majeshi mawili ya askari wa plastiki, kila mmoja mfupi kuliko kijiti cha kiberiti. Ni mchezo. Unapima kwa futi askari wako aende umbali gani, unamsogeza, unarusha dadu kujua nani kapigwa na nani kapona. Lakini kabla ya vita, kila askari unampaka rangi mwenyewe: koti, mkanda, macho. Macho yenyewe ni madogo kuliko mbegu ya mchicha. Nilipomwona Idrisa akipaka kifungo kwa ncha ya brashi, mkono wangu wa kulia ulisisimka kama umeitwa jina.

Nikaagiza jeshi langu Dar. Askari kumi na wanane.

Nilimpaka mmoja. Nilimgandisha kwa gundi juu ya kichupa cha dawa ili nipate kitu kinene cha kushika, nikaegemeza kiwiko mezani, nikabana pumzi. Siku tatu! Rangi ya koti ilipanda mpaka puani. Jicho moja likawa kubwa kama la pweza, la pili halikutokea kabisa. Nililia, nikacheka, nikalia tena.

Wale kumi na saba waliobaki aliwapaka mdogo wangu Salma.

Nilipowapeleka kwa Idrisa, dada yake Rukia akamnyanyua mmoja wa wale wa Salma, akamgeuzageuza kwenye mwanga, akapiga kelele: "Da Zai! Mkono umerudi!"

Sikusema ndiyo. Nilitabasamu tu, na pale tabasamu lilikuwa ndiyo. Papo hapo Rukia akaniomba nimpake hina ya harusi yake. Harusi ni wiki mbili kutoka leo. Nikamjibu, inshallah.

Nimelirudia neno hilo kichwani kila siku tangu hapo. Nilijua siwezi, nikalichukua jina la Mungu nikajifichia nyuma yake. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, si vidole.

Leo ndiyo mechi yangu ya kwanza ya kweli. Mpinzani wangu ni Mzee Shomari, fundi baiskeli, bingwa wa dama tangu sijazaliwa. Alipoanza kuja kwenye meza hii alikuja na sheria yake kutoka kwenye dama: ukigusa, umecheza. Hakuna kurudisha, hakuna "nilikuwa natazama tu". Idrisa akakubali, na mimi nani nikatae?

Na mimi nikacheza kwa mkono wa kulia. Mkono wangu wa kushoto ni mzima kabisa, huu hapa unaandika. Lakini nimelelewa kwamba kushoto humpi mtu kitu, humpokei mtu kitu, wala humnyooshei mkubwa wako. Tena nikajua nikiutumia tu, Rukia ataanza kuuliza wa kulia una nini. Kwa hiyo nimevaa baibui lenye mikono mipana, mkono umo ndani, vinatoka vidole tu.

Zamu ya kwanza nilipona. Ya pili nilipona kwa bahati. Kwenye dadu hata nilijisifu moyoni, maana mkono wangu unazitikisa bila kuambiwa.

Zamu ya tatu nilitaka kumsogeza kamanda. Vidole vikaruka, vikampiga askari wa nyuma kabisa. Akaanguka. Yule wangu. Mwenye jicho la pweza.

"Baibui limemgusa," nikasema.

Mzee Shomari hakunyanyua hata uso. "Baibui halichezi, mwanangu. Anacheza aliyelivaa. Umegusa, umecheza."

Ikabidi nimtoe peke yake kwenye uwazi, mbele ya bunduki zote za Mzee. Nilijaribu kumshika mara ya kwanza, akateleza. Mara ya pili, akateleza. Ya tatu akaruka mezani, akadunda sakafuni mpaka miguuni kwa Rukia. Rukia akamwokota. Akamtazama. Akatazama wale kumi na saba. Kisha akautazama mkono wa baibui langu, ambao ulikuwa unatikisika na upepo hakuna.

"Huyu kapakwa na nani?"

Hapo adhana ikalia. Akamweka mezani taratibu, akaenda kutawadha.

Viatu vyangu viko pale mlangoni, hatua nne. Naweza kuondoka nikatuma ujumbe kwamba kichwa kinauma. Au nibaki nimjibu kwamba huyo kapakwa na Salma, alikuwa anajifunza. Uongo huo uko tayari mdomoni, mwepesi, na Salma ananipenda, hatanisaliti.

Nasikia kandambili za Idrisa njiani.

*

Saa kumi na mbili na nusu jioni. Niko nyumbani.

Rukia alitoka na kanga ya kuswalia kichwani. Hakurudi kwenye kiti chake cha mtazamaji. Alivuta kigoda, akakaa mbele yangu.

"Sijajibiwa, da Zai."

Nikasema, "Nimempaka mimi. Huyo mmoja tu. Wengine wote ni Salma."

Kisha nikakunja baibui mpaka kiwiko na kuuweka mkono juu ya meza, katikati ya matumbawe, nikauacha utetemeke. Miaka miwili sijawahi kufanya hivyo mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Idrisa akatazama dari.

"Na hina yangu?"

"Siwezi, Rukia."

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile uliyoniomba."

Akasukuma kigoda nyuma. Nilitaka apige kelele.

"Nimemkataa fundi wa hina wa Magomeni kwa ajili yako," akasema kwa sauti ya chini. "Nimewaambia mashoga zangu wote napakwa na Zaituni. Ungeniambia, ningekupa pole. Sasa nikupe nini?"

Akaingia ndani. Pazia likacheza mlangoni, likatulia.

Nikasimama. Nilikuwa nimeshaifikia ndara moja.

"Unakwenda wapi?" Mzee Shomari huyo. "Askari wako kaguswa, hajachezwa. Zamu yako."

"Mzee, mkono huu umeuona."

"Nimeuona tangu zamu ya kwanza. Kwani huna mwingine?"

"Wa kushoto, mzee wangu."

"Basi omba radhi uutumie! Kwa adabu hii utauawa na jeshi zima."

Idrisa akacheka kwa pua, kisha akaona aibu, akakohoa. Sijui kwa nini nilirudi kukaa. Nadhani ni kwa sababu yule mzee hakunionea huruma hata chembe, na mimi huruma ndiyo niliyokuwa naiogopa kuliko kushindwa.

"Kunradhi, natumia kushoto," nikasema, na nikamsogeza askari wangu inchi sita kwenye uwazi, bila kumwangusha mtu.

Nikaona maji nimeshayavulia nguo. Nikaomba jambo la pili: niruhusiwe kusema kabla ya kugusa. Niseme kamanda, inchi nne, nyuma ya kilima, na hilo liwe ndilo nililocheza. Mkono ukiangusha kitu njiani, kiinuliwe tu. Mzee Shomari alilifikiria kwa muda mrefu, akikuna ndevu, maana sheria kwake si jambo la kuchezea.

"Sema kwanza, halafu gusa," akakubali. "Lakini ukishasema umefungwa. Na iwe kwa wote."

Zamu iliyofuata akasema mwenyewe, kwa haraka, "Hawa watano mbele," kisha akaona nilipowaficha wapiga bunduki wangu. Akataka kurudi nyuma. Idrisa na mimi tukamtazama tu. Akawasogeza wale watano huku anasonya, nikawaua watatu.

Idrisa akaniletea mfuniko wa kopo la biskuti. Nikawapanga wale wa nyuma juu yake, nikawa nawasukuma wote kwa pamoja kwa kiganja, bila kuhitaji vidole. Jambo dogo kiasi kile, na mimi nilikuwa nimetumia miezi kuficha badala ya kutafuta mfuniko!

Kwa yule mwenye jicho la pweza msitarajie miujiza. Alikufa zamu ile ile niliyomsogeza, kwa dadu ya kwanza.

Na nilishindwa. Mzee Shomari alibakiwa na askari tisa, mimi watatu. Nilikasirika, nikahesabu makosa yangu yote, nikadai marudiano Jumamosi ijayo. Baadaye ndiyo nikagundua kwamba hasira ile ilikuwa tamu. Ni muda mrefu sijakasirishwa na kitu kidogo.

Lakini hilo silo lililokuwa linanisumbua.

Nilikuwa nawarudisha askari kwenye boksi, kazi inayonichukua muda, Rukia alipotoka. Alimwokota yule askari wangu mbovu kutoka kwa waliokufa, akamlaza kwenye boksi yeye mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakutabasamu, na sikustahili atabasamu.

"Maua atapaka fundi wa Magomeni, kama bado ananitaka."

"Nitampigia simu mimi. Nitamwambia kosa ni langu."

"Utampigia wewe," akasema, kama aliyekuwa ameshapanga hivyo. Akafunga boksi. Akawa anakwenda zake, akasimama pale kwenye pazia, ananipa mgongo.

"Nyayo utanipaka wewe. Nyayo hazina maua."

Inshallah ilikuja mdomoni, nikaizuia. Nikasema, "Nitajaribu kwanza kwa Salma. Nikiona siwezi, nakwambia."

"Uniambie Jumatano. Sio siku ya harusi."

"Jumatano."

Pazia likafunga.

Nimerudi kwa miguu, boksi kwapani. Nimeshampigia fundi wa Magomeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, nikavumilia, akakubali. Mpaka wiki ijayo mji mzima utajua mkono wa Zaituni umekwisha. Hata wewe unayesoma hapa umejua. Inauma. Nilifikiri ingeuma zaidi.

Ni kweli nyayo hazina maua. Unapaka unyayo wote, rangi moja, kiganja kizima kinatosha. Lakini zina ukingo. Pale hina inapoishia pembeni mwa mguu panatakiwa pawe pamenyooka, kuzunguka kisigino mpaka kwenye vidole, na bibi harusi akivua viatu mbele ya watu hapo ndipo macho yote yanapoanguka. Ukingo huo zamani nilikuwa naupiga huku napiga soga. Leo sijui. Kwa kushoto? Kwa kulia, kiwiko kikiwa gotini? Nikifunga kijiti kwenye kichupa cha dawa, kama nilivyofanya kwa yule askari?

Sijui, na Jumatano haiko mbali.

Hina nimeshailoweka. Salma nimemwambia: kesho asubuhi asiende popote na miguu yake.