Mseti Ryoba, Aliyeitika kwa Jina la Nchagwa

Umetimia mwaka mmoja sasa, baba na babu yetu Mseti Ryoba, tangu tukulaze hapa Turwa, nyuma ya nyumba yako. Wengine huandika kumbukumbu kwa shukrani. Sisi hii tunaiandika kwa aibu, utuwie radhi tukichelewa kufika penyewe.

Ulikuwa mtu wa mpango. Blanketi ulilikunja pembe nne kabla ya jua kutoka. Ndevu ulinyoa kila siku ya Mungu, hata macho yalipokuwa yamechoka. Bodaboda aliyepita kwa fujo mbele ya boma ulimsimamisha na kumwamuru ashuke, na kweli alishuka. Tulikutania, "Babu, haya ulisomea wapi, machungani?" Ulicheka tu, ukaenda kuangalia ng'ombe.

Jambo moja lilitukera. Hukumpakata mtoto mchanga hata siku moja. Daudi na Tabitha, watoto wa kuwazaa mwenyewe, uliwashika walipoanza kutembea. Akina mama wa ukoo walisema una moyo mkavu, nasi tukaitikia.

Wiki yako ya mwisho, mjukuu wako Bhoke alikuletea mwanawe wa wiki tatu umbariki. Ukaficha mikono nyuma.

"Shikamoo babu. Mpokee basi, wako huyu."

"Marahaba. Siwezi, mama. Mimi sijatakaswa."

"Utakaswe nini?"

"Vita."

Akaketi, ukamweleza. Vita ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, serikali ya Mwingereza ilitaka kila kitu kutoka huku kwetu: ng'ombe wa kulisha askari, na vijana wa kuwa askari wenyewe. Watu wa chifu walipita boma kwa boma na orodha ya kodi. Kwenu walimtaka Nchagwa, mtoto wa baba yako mkubwa. Wewe ulikuwa yatima uliyelelewa hapo, na orodhani hukuwamo. Baba mkubwa akakwambia, "Wakiita Nchagwa, itika wewe." Ukaitika. Uliitika Musoma, ukaitika Mombasa, ukaitika katika misitu ya Bama, huko Asia, na jeshi la Keya la Mwingereza, na wenzako waliofia kule walikufa wakikujua kwa jina hilo.

Uliporudi, wazee walichinja mbuzi wamtakase aliyetoka vitani, maana kwa desturi ya boma letu aliyeua vitani hagusi mtoto mchanga kabla ya hapo. Lakini karatasi za jeshi zilisema Nchagwa, na boma zima liliogopa serikali isije ikagundua. Basi wakamtakasa Nchagwa, ambaye hakuwa amevuka hata mto Mara. Wewe uliambiwa usubiri zizini, zamu yako itakuja. Wazee wale walikufa mmoja mmoja na zamu haikuja. Medali pia aliivaa yeye. Siku ya Mashujaa alikaa mbele pale Tarime, nawe ulisimama juani na watu wengine, umemshikia kofia.

Ulimwomba Bhoke jambo moja tu: ukizikwa, isomwe kwamba uliyekwenda ni wewe. Akaandika. Asubuhi ya maziko baba yake, Emanueli, mtoto wa Nchagwa, akaisoma ile karatasi.

"Mwanangu, unataka kumfukua baba yangu mbele ya watu?"

"Kwani ulijua, baba?"

"Nimejua tangu ujana wangu. Futa."

Bhoke akafuta. Alisimama kaburini mbele ya mchungaji na umati wote, akasoma kwamba ulikuwa mfugaji hodari na jirani mwema. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalomtesa mpaka leo. Watu walimpa mkono kwa kusoma vizuri.

Tumekula mwaka mzima na hili kooni. Bhoke alipunguza kuja nyumbani, na alipokuja hakumtazama baba yake usoni. Mwezi uliopita Emanueli alikwenda kwa wazee wa ukoo kuuliza kama marehemu anaweza kutakaswa. Wakamwambia hakuna, hayo hufanyiwa aliye hai. Alirudi kwa miguu, mzee wa miaka sabini na mitano, bodaboda zikimpita na yeye hazisimamishi. Alipofika akamwita binti yake.

"Andika tena," alisema. "Andika yote. Na jina langu liweke la kwanza, watu wajue nani alikwambia ufute."

Wanaokukumbuka ni Emanueli Nchagwa, aliyesema yafutwe, Bhoke, aliyefuta, wanao Daudi na Tabitha, ambao hawakukuuliza, wajukuu, vitukuu, na boma zima lililonyamaza.

Mseti Ryoba, askari wa Keya, tutakukumbuka siku zote za maisha yetu, na hatukuombi utusamehe upesi.