Herufi Nne Ng'ambo ya Kijito

“Ng'ambo ile ya kijito ni pori tupu. Halijawahi kulimwa, halina mwenyewe, halina historia. Na msibishane na mimi, bishaneni na ukuta wa shule yenu wenyewe.”

Mpendwa mama, hayo ndiyo maneno aliyotuambia afisa wa ardhi Jumanne iliyopita kwenye baraza la chifu, huku ameinua simu yenye picha ya ile ramani tuliyoichora ukutani tukiwa darasa la sita. Kuna tajiri anayetaka kuizungushia ua ng'ambo yote. Nakuandikia wewe uliye kaburini, lakini barua nimeiacha wazi, kwa sababu wapo walio hai wanaopaswa kuisoma.

Afisa ni mwongo. Halijawahi kulimwa? Mimi nimekaa juu ya ulingo pale ng'ambo, wewe na kombeo lako, mimi na debe bovu, tukifukuza kwelea kwenye mawele tangu jua linapochomoza upande wa Ukambani hadi ndege waende kulala. “Mbona unapiga debe kama mtu anayeomba msamaha?” uliniuliza. “Piga kama mtu mwenye njaa!” Mashimo ya nguzo za ule ulingo bado yapo. Mafiga yako matatu yapo. Jiwe lako la kusagia lipo, limebonyea katikati kwa kazi ya mikono yako, na ya mama mkwe wako kabla yako. Kama hiyo si historia, basi afisa atuambie historia inaandikwa kwa kifaa gani.

Kosa lake ni la mtu anayeijua nchi ya juu tu. Huko juu Embu, karibu na mlima, kuna chai na kahawa, na shamba halipumziki. Huku kwetu Mbeere mvua haina ahadi na udongo huchoka upesi. Ulikuwa ukilima ng'ambo misimu minne au mitano, kisha unaliacha shamba lilale. Miiba inaota, mbuzi wanaingia, nawe unarudi huku kwenye kunde na pojo mpaka lirudishe nguvu. Hakuna mtu wa Gachoka aliyehitaji kuelezwa kwamba ni lako. Hata wenye mbuzi walikuja kwanza kukuomba ruhusa.

Lakini ukuta nao unasema pori, mama. Hapo ndipo ninapoishiwa na maneno, mimi ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikigombana na watu magazetini. Nimesoma ripoti za wapimaji wa kikoloni, waliokaa hemani wakatazama nchi yetu kwa darubini na kuandika kwamba haina watu. Nimewatukana mmoja mmoja. Sijawahi kuandika kwamba neno lililo kwenye ukuta wa shule yetu ni la mkono wangu.

Mwalimu, mtu wa huko kwenye chai, alituambia: “Panapolimwa pakeni kahawia, mwandike jina la mwenye shamba. Pengine pote pakeni kijani, mwandike pori.” Mwaka ule ng'ambo ilikuwa imelala. Nilijua pale ni kwako, na pembeni ni kwa mama wa kila mtoto aliyeshika brashi siku ile. Lakini majina yalikuwa mengi na mpira ulikuwa unatungoja uwanjani. Nikapaka kijani. Nikaandika PORI.

Siku ya wazazi ulikuja na kiondo chako kipya. Ulikuwa hujui kusoma, lakini mahali ulipajua, kwa sababu kijito nilikichora vizuri.

“Na hapa ng'ambo mmeandika nini?”

“Shamba la mama.”

“La mama yupi?”

“Lako.”

Ukapitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine. “Jina langu lote, Ciarunji, limeingia kwenye hivi vinne?”

“Ramani hufupisha, mama.”

Ulicheka. Uliringa sokoni mwaka mzima. Na hata miaka ilipopita, makarani wa ardhi wakaja kuandikisha mashamba, baba alipokuhimiza uende ukaseme la ng'ambo, ulimjibu, “La nini kupanga foleni juani? Langu liliandikwa zamani, liko shuleni.” Nilikuwepo. Nilikuwa kijana wa chuo mwenye maneno mengi. Nilinyamaza.

Jumanne nilisimama barazani nikasema, “Neno hilo nililiandika mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili.” Afisa akatabasamu. “Asante sana, mzee. Kumbe shahidi wetu tunaye hapa.” Watu wakaangua kicheko. Igoki, rafiki yako mliyekuwa mkipura mawele pamoja, hakucheka. “Kumbe ni wewe?” akaniuliza. “Na vile mama yako alituringia na huo ukuta mpaka tukachoka naye!”

Kuna jambo sikuwahi kukuuliza. Uzeeni ulijiunga na ngumbaru pale kanisani ukajifunza kusoma. Jioni moja ulirudi, ukaketi, ukaniambia, “Leo nimepita shuleni nikausoma ukuta.” Ukamimina uji, ukanisogezea bakuli. “Rangi imeanza kubanduka,” ukasema. Hukusema lingine, siku ile wala siku yoyote.

Sina tumaini la kukupa. Nguzo za ua zimeshateremshwa kando ya kijito. Uamuzi utasomwa Ijumaa, na nadhani uliandikwa kabla hatujaitwa barazani. Lala, mama. Hapo ulipolazwa ni upande huu, kwenye kipande chenye hati, na ni heri hukuliona lori la nguzo likipita.

Sasa nasema nanyi mlioshika brashi pamoja nami. Wewe uliyestaafu ualimu Embu mjini. Wewe unayeuza majani ya kutafuna, muguka, sokoni Gachoka. Wewe uliye kwenye mashamba ya maua huko Timau. Mama zenu pia wako chini ya rangi ile ya kijani. Msinitumie ujumbe wa pole. Ijumaa saa tatu asubuhi njooni kwa chifu, msimame mbele ya afisa, na kila mmoja ataje jina la mama yake, lote, bila kulifupisha, na aonyeshe mahali ulingo wake uliposimama. Tutashindwa, najua. Njooni hivyo hivyo.

Mwanao,
aliyekusomea ukuta