Zahanati ya Ng'ambo ya Korongo

Endahari, 4 Juni 2023

Mdogo wangu Wilibrodi,

Habari za Karatu? Wifi yangu Edna na watoto hawajambo? Sisi tunashukuru Mungu, ila mgongo unanisumbua tangu tulipobeba yale mawe ya msingi wa zahanati. Maharage ya ngwara yamekubali mwaka huu, nimekuwekea ya mbegu na ya kula.

Nakuandikia kwa sababu kila nikikupata kwenye simu unasema, "Dada, niko kikaoni." Nimempa katekista Emmanueli barua hii akukabidhi mkononi.

Boma letu la zahanati limefika kwenye lenta. Tumelijenga kwa nguvu zetu, wewe mwenyewe unajua. Sasa tunasikia halmashauri itapaua na kumalizia boma moja tu katika kata yako, wewe diwani wetu: letu au la Mikuyuni, ng'ambo ya korongo. Wilibrodi, mama alipokufa ulikuwa bado unabebwa mgongoni, na mgongo ulikuwa wangu. Sitasema zaidi ya hapo.

Sabina wangu anaishi vizuri na mumewe Emilian, lakini mimba ya kwanza iliharibikia kwenye pikipiki, wakimkimbiza huko Karatu. Hataki tena kuizungumzia. Tunataka mahali pa karibu.

Dada yako,
Paskalina

*

Karatu, 29 Juni 2023

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Edna amekutumia dawa ya kuchua, anayo Emmanueli.

Dada, kikao cha kata kilikaa juzi. Kura zikawa sita kwa sita. Mwenyekiti wa kikao ni mimi, na kura ya kuamua ni yangu. Mtendaji akaniuliza, "Mheshimiwa, tuandike nini?" Nikasema, "Andika Mikuyuni."

Nakuomba unielewe. Mikuyuni kuna vibarua wa mashamba ya vitunguu, watu wa Singida, Dodoma na Mbulu, wamejaa kwenye vibanda na watoto wao. Wao ni mara tatu ya watu wa Endahari. Mwaka jana walizika watoto kwa kuhara hadi nikachoka kuhudhuria. Ningepeleka zahanati nyumbani kwetu, ningewaambia nini?

Kutoka kwako hadi Mikuyuni ni mwendo wa saa moja na nusu. Kivuko cha korongo nitakisimamia mwenyewe, kiwe tayari kabla ya masika.

Mdogo wako,
Wilibrodi

*

Endahari, 9 Julai 2023

Wilibrodi,

Salamu zimefika na dawa imefika. Mshukuru wifi.

Habari ya kikao niliisikia kisimani kabla ya barua yako. Mwanamke mmoja akaniambia, "Mama Sabina, tulidhani tuna ndugu huko."

Unasema saa moja na nusu. Hiyo ni kiangazi. Umekaa sana penye lami, umesahau korongo lile likijaa linakuwaje. Na hao watu wako wa vitunguu watahama msimu ukiisha. Sisi makaburi yetu yako hapa.

Sina ugomvi na wewe. Nimechoka tu.

Dada yako,
Paskalina

*

Karatu, 3 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Ni muda mrefu hatujaandikiana, na kosa ni langu. Mnaendeleaje? Nimefurahi kusikia Sabina yuko mwezi wa nane.

Zahanati ya Mikuyuni imefunguliwa. Ina nesi mmoja, anaitwa Bernadina, binti mchapakazi. Lakini sitakuficha, kivuko bado. Mhandisi alikuja akapima, faili likapanda, likarudi, likapanda tena. Sasa wananiambia bajeti ijayo. Nimegombana nao kwenye baraza hadharani, haikusaidia.

Ndiyo maana nakuomba jambo moja. Mlete Sabina hapa kwangu sasa hivi, kabla mvua haijakolea. Chumba kipo, hospitali iko jirani. Edna atamwangalia kama mwanawe. Niambie siku, nitakuja na gari mwenyewe.

Mdogo wako,
Wilibrodi

*

Endahari, 10 Machi 2024

Wilibrodi,

Hatujambo. Sabina alitaka kuja, nimemkataza. Atajifungulia kwao kama nilivyojifungulia mimi. Hatutakuja kuhifadhiwa kwako kama watu waliokosa kwao. Ungetaka kumsaidia ungemsaidia Juni.

Paskalina

*

Karatu, 2 Mei 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Siwezi kukuuliza hali, hali naijua.

Siku ya maziko nilisimama karibu yako na hukunitazama. Uliponipa maji ya kunawa ulikuwa unatazama mlango. Sikulaumu.

Emilian ndiye aliyenieleza. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Uchungu ulianza asubuhi, mkambeba Sabina kwa machela hadi korongoni, mkakuta maji yanaburuta miti mizima. Bati la zahanati lilikuwa linaonekana. Bernadina akatoka mbio na mkoba wake, akasimama ukingo wa pili, akawa anapiga kelele na kelele haivuki. Mtoto akazaliwa salama chini ya turubai, wa kike. Kisha damu ikakataa kukatika. Emilian anasema nesi alikuwa anawaonyesha kwa mikono namna ya kukandamiza tumbo, hivi, hivi, na wewe ukawa unamfuatisha mpaka mikono ikakuishia nguvu. Saa saba mchana akakata roho. Kesho yake watu walivuka, maji yakiwa ya magotini.

Dada, niliahidi kivuko huku nikijua halmashauri ilivyo. Niliahidi ili nisione aibu mbele yako. Kosa hilo ni langu, na sitafuti wa kugawana naye.

Nijibu hata kwa kunitukana.

Mdogo wako,
Wilibrodi

*

Karatu, 21 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu msiba. Emmanueli anasema unazipokea, unaziweka kwenye Biblia, humwambii neno.

Mtoto hajambo? Nimesikia mmempa jina la Laurencia, la mama yetu. Natamani kumwona, lakini sitakuja bila kuitwa.

Nitakuandikia ninachokificha hata kwa Edna. Nimejiuliza kila siku, kile kikao kikirudi leo, ningesema nini? Tangu ifunguliwe, Mikuyuni wamezaliwa watoto kumi na tisa, na hakuna mama aliyekufa. Nikiwatazama nashindwa kusema ningewanyima. Kisha nakumbuka Sabina alivyokuwa anakimbia kunipokea, ananiita mjomba tangu kule barabarani, najiona mimi ni mtu gani. Kura ile ningeipiga tena, dada. Ndicho kinachonimaliza. Ningekuwa nimekosea, ningetubu nikapumzika.

Udiwani nataka kuuacha. Barua ya kujiuzulu nimeshaiandika. Sina uso wa kusimama mbele ya watu na kuahidi kitu.

Mdogo wako,
Wilibrodi

*

Paskalina Baran,
Kitongoji cha Juu,
Kijiji cha Endahari.
6 Oktoba 2024

Mheshimiwa Diwani,

YAH: KIVUKO CHA KORONGO KATI YA ENDAHARI NA MIKUYUNI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima, mkazi wa Endahari. Ninalea mtoto wa marehemu Sabina, na kila mwezi nampeleka kliniki Mikuyuni. Ana miezi sita, anakaa mwenyewe. Wiki za kwanza alikataa kila maziwa tuliyompa. Nilipomfikisha huko, amelegea, mama mmoja kibarua kutoka Singida, anaitwa Selestina, alimchukua mikononi mwangu kwenye benchi akamnyonyesha, hata jina langu hakuliuliza. Sasa mtoto anakunywa hata maziwa ya ng'ombe, lakini Selestina bado anamnyonyesha kila tunapokwenda. Watu wale hawajahama. Kuwekwa kwa zahanati kule si kosa, nimeona mwenyewe.

Kosa ni korongo. Vuli imekaribia. Hapa kijijini kuna wajawazito wanne, wa kwanza atajifungua Novemba. Tunaomba kivuko, na kabla ya kivuko tunaomba nesi ahamie upande huu kila mvua inapoanza, akae kwenye boma letu. Wanaume wataliezeka kwa nyasi, wamekubali.

Kwa kuwa mambo haya yataandikwa kwenye kumbukumbu, naomba na hili liandikwe. Mwezi Machi mama wa marehemu aliambiwa ampeleke mwanawe Karatu. Mwana alitaka kwenda. Mama alikataa kwa hasira.

Tumesikia pia unataka kujiuzulu. Kijiji hakijakuruhusu. Ulituahidi kitu, na hatujakipata.

Majibu usinitumie mimi, wala usiyalete nyumbani. Mpe mwenyekiti wa kijiji ayasome mkutanoni, tusikie wote.

Paskalina Baran
Mwananchi