Silín Hapandi Lori

Jumatatu, 2 Oktoba

Pasipoti ya farasi wetu Silín haipo. Nimepekua kopo la biskuti kabatini kwa mama mara tatu — kadi za chanjo zipo, picha za marehemu baba zipo, kitabu hakuna. Kaka yangu Malachy alikuwa anakula viazi, hakuinua hata kichwa. Nikamuuliza. Akasema anacho yeye, na mwenye kitabu ndiye mwenye farasi, aulizwe mtu yeyote mnadani.

Kisha, huku anatafuna: lori la machinjio litapita tarehe kumi na saba.

Farasi jike wa miaka ishirini na miwili! Ndiye aliyekuwa akimrudisha baba nyumbani akiwa amelewa, bila kuongozwa. Leo awe nyama? Ng'o.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimepiga simu ofisi ya usajili wa farasi. Nusu saa ya muziki, halafu mama mmoja mpole. Kwanza, pasipoti si hati ya umiliki. Kwenye kompyuta yao mwenye farasi ni mimi, Attracta. Baba alinihamishia Januari kabla hajalazwa. Nilicheka peke yangu jikoni. Kaka yangu kakumbatia karatasi!

Lakini machinjio hawaulizi jina. Wao ni kitabu na chipu ya utambulisho iliyo shingoni. Vikilingana, farasi anaingia. Dawa ni pasipoti mbadala. Ikishatolewa, ya zamani imekufa, na mbadala hugongwa muhuri kwamba farasi huyu haliwi na binadamu, maisha yake yote.

Muhuri huo ndio ninaoutaka.

Ijumaa, 6 Oktoba

Daktari wa mifugo kaja, Fidelma. Kapitisha kifaa cha kusoma chipu shingoni upande wa kushoto — chipu ipo. Kachora alama upya: nyota ya paji, soksi nyeupe ya mguu wa nyuma, na ule mzunguko wa nywele juu ya jicho. Silín alisimama kimya kama anapigwa picha ya harusi.

Tatizo ni fomu. Sababu: kupotea, kuibiwa, kuharibika. Chini yake, nathibitisha haya ni kweli, saini. Fidelma akasema wote huandika kupotea, nisijisumbue. Sikuandika. Hakikupotea! Najua kilipo. Nikisema kimepotea, kesho Malachy anakichomoa mfukoni, mwongo ni mimi. Na kuibiwa wanataka ripoti ya polisi.

Jumapili, 8 Oktoba

Baada ya misa nimemweleza mama yote. Amesema niandike kimepotea, yaishe. Nikasema sitatia saini uongo ili Malachy alale vizuri. Nitakwenda polisi.

Akaweka kikombe chini. "Ukimpeleka kaka yako polisi, mwanangu, siku nikifa usije kunizika."

Nikamwambia basi amwambie akirudishe. Akaanza kuosha vikombe. Nina hasira naye kuliko niliyo nayo kwa Malachy, na siombi radhi.

Jumanne, 10 Oktoba

Malachy anapiga mluzi uani. Eti nina miaka arobaini na sita, sina mume, sina mtoto, nina farasi mzee tu. Nikamjibu: "Na wewe huna hata huyo."

Mluzi ukakoma.

Jumatatu, 16 Oktoba

Fomu bado tupu. Nimemwambia Malachy mezani, mama akisikia: kesho akimpa dereva kile kitabu, napiga simu polisi palepale. Na nikikatazwa mazishi, na nikatazwe! Malachy kacheka. Mama kaendelea kukata mkate.

Jumanne, 17 Oktoba

Saa tatu asubuhi. Naandika nimekalia ndoo, mgongo kwenye mlango wa zizi. Lori liko uani.

Dereva aliomba kitabu. Malachy akaingia ndani kwa mbwembwe, akatoka mikono mitupu, anapiga kelele kwamba nimeingia chumbani kwake. Sijaingia! Simu nilikuwa nayo mkononi, sijabonyeza.

Ndipo mama akatoka na aproni, anakuja taratibu. Mkononi kitu cheusi, bado kinafuka moshi. Jalada limekwisha, kurasa zimejikunja, umebaki mchoro wa miguu ya nyuma. Akamwambia dereva aende zake, hapa hakuna farasi mwenye kitabu. Kisha akanigeukia mimi.

"Kuharibika kumo kwenye fomu, au hakumo?"

"Kumo, mama."

"Basi andika."

Dereva amezima injini, anasema atangoja mpaka saa nne, Malachy akitaka. Malachy yuko langoni, anazungumza kwa simu, sijui na nani. Mama ameleta kiti, amekaa kando yangu mbele ya mlango, kitabu mapajani. Vidole viwili vimeungua, vimeanza kuvimba. Nimemletea maji. Anayasukuma. Hataki niuguse mkono wake mpaka nitie saini.