Fundi wa Baiskeli na Mnyororo wa Pikipiki

Jumapili jioni.

Yule fundi wa baiskeli simtaki tena hapa Kabiria. Baba Atieno alikuwa kwenye kwaya, akamwachia pikipiki ya kazi. Mjinga akaukaza mnyororo kama kamba ya kuanikia nguo! Mume wangu huuacha ucheze upana wa vidole viwili, nimemwona kila Jumapili.

Nikamwambia, "Kaa juu ya pikipiki uone mnyororo utakavyovutika."

"Mama Atieno, rudi kwa sufuria zako."

Baba Atieno aliporudi akacheka naye. Kesho anapeleka barua mjini. Mnyororo ukikatika kwenye mteremko, je, mimi na watoto...

Walipoenda kunywa chai nikachukua spana. Nimelegeza nati za gurudumu la nyuma, nikalisukuma mbele kidogo, nikakaza tena. Sasa mnyororo unacheza vidole viwili.

Kesho akirudi mzima, atamsifu fundi.