Mazungumzo ya Tisa

Kwako Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Sisi huku hatujambo. Mama ana afya njema isipokuwa macho, ambayo sasa yanamwonyesha mwanga na vivuli tu. Ulimi wake, alhamdulillahi, hauna ukungu hata kidogo. Mimi bado nafundisha darasa la nne, na wanafunzi bado wananicheka nikianzisha wimbo. Najua unajiuliza kwa nini naandika kwa mkono wakati simu ninayo. Subira, Kaka.

Sidhani kama uliwahi kuambiwa kwamba Baba, katika miezi yake ya mwisho, alikuwa akizungumza na mimi nikimrekodi kwenye kompyuta yangu. Alitaka kutuachia maneno ya nyumba hii: paa linavuja wapi, mlango wa stoo unabembelezwa vipi mpaka ufunguke. Wewe unamjua, seremala mpaka kwenye mifupa. Kila mara alianza kwa kutaja namba, leo ni mazungumzo ya kwanza, leo ya pili, kama alivyokuwa akiandika namba kwenye mbao kabla ya kuziunga. Yalifika kumi na moja. Kila yalipokwisha niliyaingiza papo hapo kwenye orodha moja ili yakianza yafuatane yenyewe.

Miaka miwili Mama hakuthubutu kuyasikiliza. Mwezi uliopita akasema yuko tayari. Basi kila mchana ninaporudi nyumbani kula, namwekea kiti karibu na spika, nabonyeza, namwacha na mumewe, mimi narudi shuleni.

Siku ya tatu aliniambia mashine yangu imemla Baba kipande. Baada ya mazungumzo ya nane, alisema, yanakuja ya kumi. Nikamjibu kwamba kompyuta imezeeka. Akasema na yeye amezeeka lakini kuhesabu hajasahau, na kwamba mwanamume aliyeandika namba hata kwenye miguu ya kigoda hawezi kuruka tisa.

Nikaanza kujifanya fundi. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya wa spika. Nikaiondoa ile programu ya kuchezea muziki na kuiweka upya, huku Mama amekaa pembeni akinipa pole kwa kazi. Ya nane, ya kumi. Nikamwambia tuyaache, maana yaliyobaki si machache. Akanishukuru vizuri sana, na hapo ningepaswa kushtuka.

Kesho yake nilirudi nikamkuta Fundi Polepole ameketi mezani kwangu. Huyu ni mzee wa makamo anayetengeneza redio na kompyuta pale sokoni, na jina amelipata kwa sababu hagusi kitu mpaka amalize vikombe viwili vya chai. Alimweleza Mama kwamba orodha haina sauti ndani yake. Ni kama daftari la mahudhurio la mwalimu, akanitazama kwa heshima, mwalimu anaita jina, mtoto akiwa amehamishiwa darasa jingine haitikii, basi mwalimu anaendelea na anayefuata. Kwa hiyo ya tisa si lazima yawe yamekufa, alisema, tuyatafute madarasa mengine.

Nilimwambia asijisumbue. Mama akamwambia ajisumbue.

Hakuchukua muda. Aliyakuta kwenye folda niliyoiita Mitihani ya Zamani, yamepewa jina la mtihani wa hesabu, na zile herufi za mwisho wa jina, zinazoiambia kompyuta kama hii ni sauti au maandishi, zimebadilishwa. Fundi alishangaa jinsi mtihani mmoja ulivyokuwa mzito kuliko mingine yote ikijumlishwa. Mama akauliza kama faili hilo lilihama lenyewe. Fundi akakohoa, akanitazama, akasema kompyuta hazina miguu, mama, halafu akauliza kama chai bado ipo.

Kaka, niliyelihamisha ni mimi.

Unaikumbuka kanda ya Bibi, ile ya pekee yenye sauti yake, ambayo Baba aliifunga kwa kitambaa. Siku Baba alipoichukua akakuta nusu yake ni nyimbo za redio, alikufuata wewe moja kwa moja, kwa sababu redio ilikuwa yako. Ulikana. Akakwambia nyumba hii haizai waongo. Ulipokuwa ukifunga begi lako, mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, na kitu pekee kilichotakiwa ni mimi kufungua kinywa. Nyimbo zile nilizipenda mimi. Kitufe chekundu cha kurekodi nilikibonyeza mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilimwogopa Baba kuliko nilivyokupenda wewe. Naona aibu kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya mazungumzo ya tisa, Baba aliniambia nibonyeze kisha nitoke nifunge mlango. Alipomaliza akasema haya ni ya kaka yako, umpelekee wewe mwenyewe. Jioni ile nilisikiliza dakika mbili. Alisema kwamba baada ya wewe kuondoka aliisikiliza ile kanda mpaka mwisho, na juu ya redio akasikia mtu akifuatisha wimbo nje ya tuni. Akaitambua sauti. Nikazima hapo hapo. Kulifuta faili mkono ulikataa, kulituma moyo ulikataa, nikalificha. Baba aliniuliza mara mbili kama nimelituma, nikasema ndiyo. Akasema basi wewe utakuwa umebanwa na kazi, ndiyo maana hujajibu. Ulipokuja mazikoni, ukaondoka bila kulala hata usiku mmoja chumbani kwako, nilijua sababu na nilinyamaza.

Fundi alirudisha jina, akalirudisha faili mahali pake, akabonyeza. Safari hii sikuwa na namna ya kuzima. Baba anakuomba radhi, Kaka, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Kisha, pale ambapo mimi sikufika, anasema usimkemee mdogo wako Kasuku, alikuwa mtoto, na aliyemfanya aogope ni mimi baba yake. Anasema amenipa mimi nikuletee ili nikuambie kwa kinywa changu kabla hujasikia kwake. Ukiwa unasikia haya, anasema, ujue mdogo wako amenishinda ujasiri.

Mama hakunigombeza. Alimwomba Fundi ayarudie tangu mwanzo. Yalipokwisha aliniambia niliagizwa kupeleka mwenyewe, basi kalamu ninayo, niandike. Kisha akatandika kitanda chako kwa kupapasa, akakataa nimsaidie.

Flashi ndogo imo ndani ya bahasha hii. Nimeifunga kwa karatasi ya daftari ili usome kwanza, kama Baba alivyotaka. Isikilize mpaka mwisho, Kaka. Usifanye kama mimi.

Wasalimie wote wa kwako. Mama anasema hatumi salamu, anasubiri kukusalimia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku